Mahali pa Kusimika Antena ya Redio ya Chuo: Somo kwa Wakazi wa Kata

Chuo kinapoamua kuanzisha redio ndogo, mazungumzo ya mwanzo huwa ni juu ya studio, vipaza sauti, watangazaji na jina la kituo. Antena hukumbukwa mwishoni, na mara nyingi husimikwa palipo na nafasi tupu au karibu na mlango wa studio. Baada ya miezi michache malalamiko huanza. Wanafunzi walio bwenini wanasikia vizuri, wafanyabiashara wa sokoni wanasikia vizuri, lakini kijiji kilicho nyuma ya kilima kinapata mkwaruzo mtupu. Tangazo la chanjo ya watoto linasomwa mara tatu kwa siku, na mama aliyelengwa halimfikii hata mara moja.

Redio ya chuo yenye nguvu ndogo hujengwa kwa ajili ya masomo ya wanafunzi, lakini mawimbi yake hayaishii kwenye uzio wa chuo. Kwa kata iliyo mbali na vituo vikubwa, inaweza kuwa njia ya haraka ya kutangaza siku ya kliniki, kukatika kwa maji, ubovu wa daraja au mkutano wa kijiji. Kwa sababu hiyo, uchaguzi wa mahali pa antena unawahusu wakazi kama unavyowahusu mafundi. Somo hili linaeleza misingi yake kwa lugha ya kawaida, ili mkazi atakapoitwa kwenye mkutano wa kujadili mnara, aende akijua la kuuliza.

Nguvu ndogo hufika wapi?

Matangazo ya FM hapa nchini hurushwa katika masafa ya kati ya megahezi 87.5 na 108. Mawimbi ya masafa hayo yana urefu wa takriban mita 3, na husafiri karibu na mstari ulionyooka. Hupinda kidogo yanapopita juu ya kilele, lakini hayazunguki mlima kama maji yazungukavyo jiwe. Kanuni ya kwanza hutokana na jambo hilo: antena inapaswa kuwaona wasikilizaji wake. Mtu akisimama penye antena na kuona mapaa ya kijiji, upo uwezekano mkubwa wa kijiji hicho kusikia. Akiona mgongo wa mlima tu, kijiji kilicho nyuma yake kimo kivulini.

Kivuli cha redio si giza totoro. Kwa kuwa mawimbi hupinda kidogo, redio nzuri iliyowekwa juu ya meza karibu na dirisha inaweza kunasa sauti hafifu. Hata hivyo, redio ndogo ya betri inayobebwa shambani, au simu ya mkononi yenye redio, haitapata kitu cha kueleweka. Wakazi wengi husikiliza kwa vifaa hivyo.

Ni vyema pia kutarajia kwa kiasi. Nchini Marekani, ambako redio za jamii za nguvu ndogo ziliwekewa utaratibu maalumu mwaka 2000, kiwango cha juu ni wati 100 kwa antena iliyo mita 30 juu ya wastani wa ardhi inayoizunguka, na eneo la usikivu hukadiriwa kufika takriban kilomita 5.6 kutoka kwenye mnara. Kwa hiyo wati 100 zinatosha kuhudumia kata, lakini hazitoshi kuhudumia mkoa. Ahadi kwamba redio ya chuo itasikika wilaya nzima inapaswa kupokelewa kwa tahadhari.

Kimo kina faida kuliko nguvu

Katika ardhi tambarare, kupandisha antena hadi kimo mara mbili huongeza usikivu wa maeneo ya mbali kwa kiasi kinacholingana na kuongeza nguvu ya mtambo mara nne. Antena ya mita 10 ikipandishwa hadi mita 20, mtambo wa wati 50 hufanya kazi ya mtambo wa wati 200. Mnara hugharimu fedha mara moja, wakati mtambo mkubwa hula umeme kila saa unapowashwa. Kwa chuo kinacholipa ankara ya umeme kila mwezi, au kinachotegemea jenereta na sola, tofauti hiyo ni kubwa.

Faida hiyo ina mpaka. Kimo husaidia pale kinapoiwezesha antena kuvuka kizuizi kilichoko kati yake na msikilizaji. Kisipovuka kizuizi hicho, mita zilizoongezwa huwafaidia waliokuwa wakisikia tangu awali. Kwenye nyanda kama zile za Dodoma, mnara wa kawaida huweza kufika mbali. Kwenye safu kama za Usambara na Uluguru, ambako vijiji vimejificha mabondeni, mnara mrefu unaweza kushindwa na mgongo mmoja wa mlima.

Mfano wa maeneo manne

Chukulia chuo kilichojengwa kwenye ardhi tambarare. Upande wa mashariki, kilomita 2 kutoka chuoni, upo mgongo wa mlima ulioinuka mita 90. Nyuma yake, kilomita 4 kutoka chuoni, kipo kijiji chenye zahanati na shule ya msingi, kwenye kimo sawa na chuo. Upande wa magharibi, kilomita 1 kutoka chuoni, kipo kilima cha mita 130 ambacho kila mtu hukionyesha kwa kidole mara mnara unapotajwa. Yanapendekezwa maeneo manne.

Eneo la kwanza ni paa la jengo la utawala, mita 12 kutoka chini. Ni karibu na studio, umeme upo na mlinzi yupo. Lakini mstari ulionyooka kutoka hapo hadi kwenye redio iliyo mkononi mwa mkazi wa kijiji, kwa kimo cha mita 2, unapita mita 7 tu juu ya ardhi pale penye mgongo wa mlima. Mgongo una mita 90. Mstari umezikwa ndani ya mlima.

Eneo la pili ni mnara wa tangi la maji la chuo. Tangi lina mita 20, na limejengwa mahali palipoinuka mita 15 kuliko majengo mengine, hivyo antena itafika mita 35. Hapo katikati ya safari mstari unapita kwenye mita 18.5. Umepanda, lakini bado umo ndani ya mlima.

Eneo la tatu ni kile kilima cha magharibi. Kikijengwa mnara wa mita 20, antena itakuwa kwenye mita 150, yaani mita 60 juu zaidi ya mgongo wa mashariki. Wengi wataamini kwamba tatizo limekwisha. Hesabu inasema vingine. Kutoka kilimani hadi kijijini ni kilomita 5, na mgongo uko kilomita 3 njiani. Mstari unashuka kutoka mita 150 hadi mita 2, yaani mita 148. Unapofika kwenye mgongo umekwisha kushuka tatu ya tano ya hizo, karibu mita 89, na kubaki kwenye mita 61. Mgongo una mita 90. Mahali palipo juu kuliko pote bado hapakioni kijiji.

Eneo la nne ni mgongo wenyewe wa mashariki. Mnara mfupi wa mita 15 ukisimikwa juu yake, unaona chuo na soko upande mmoja, na zahanati na shule upande wa pili. Huo ni mnara mfupi kuliko ule wa kilimani, na kwa kimo cha jumla uko chini yake kwa mita 45, lakini unawafikia wote.

Mfano huu unafundisha jambo ambalo macho hayalioni kwa urahisi: mahali palipoinuka zaidi hapawi bora mpaka papimwe kwa mstari unaoenda kwa kila kundi la wasikilizaji. Hesabu hiyo inaweza kufanywa na mwanafunzi wa sekondari kwa ramani ya 1:50,000 inayoonyesha mistari ya kimo, ambamo sentimita 2 ni sawa na kilomita 1. Huchorwa mstari kutoka mahali pa antena hadi kijijini, huandikwa kimo cha ardhi kila unapokatiza mstari wa kimo, kisha huchorwa umbo la ardhi kwenye karatasi ya grafu. Kwa umbali wa kilomita chache, mviringo wa dunia hauharibu hesabu.

Gharama zisizoonekana kwenye ramani

Eneo la nne limeshinda kwa usikivu, lakini halijashinda kwa kila kitu. Liko kilomita 2 kutoka studio. Sauti itahitaji kupelekwa huko kwa mtambo mwingine mdogo wenye masafa yake, ambayo nayo huombewa kibali. Utahitajika umeme wa gridi au sola yenye betri za kutosha, chumba chenye kufuli, mlinzi, na njia inayopitika wakati wa masika. Chuo kikishindwa kulipia mambo hayo, mnara utanyamaza mara baada ya betri ya kwanza kuibwa.

Kwa upande mwingine, hata eneo lililo karibu lina hasara zake. Mtambo ukikaa studio na antena ikiwa juu ya tangi, umbali wa waya ukiwa mita 60, sehemu ya nguvu hupotea njiani kabla ya kufika kwenye antena. Mafundi hupima upotevu huo kwa desibeli, na kila desibeli 3 zinazopotea ni nusu ya nguvu. Katika masafa ya megahezi 100, waya mwembamba wa aina ya RG-58 hupoteza takriban desibeli 16 kwa kila mita 100. Kwa mita 60, wati 100 zilizotoka kwenye mtambo hufika zikiwa kama wati 11. Waya mnene wa RG-213 hufikisha kama wati 40, na waya mnene zaidi wa nusu inchi, wenye povu ndani, hufikisha zaidi ya wati 70. Chuo kinaweza kununua mtambo wa gharama kubwa na kuteketeza karibu nguvu zake zote ndani ya waya wa bei nafuu. Njia ya kuepuka hasara hiyo ni kujenga kibanda cha mtambo chini kabisa ya mnara na kuufupisha waya.

Usalama wa watu na mali

Mnara ni kitu kirefu cha chuma kilichosimama peke yake, na radi hupenda vitu vya namna hiyo. Lazima uunganishwe na fimbo za shaba zilizozamishwa ardhini, na waya wa antena uunganishwe na ardhi kabla ya kuingia kwenye jengo. Ardhi ya mwamba mtupu haipokei umeme wa radi vizuri, na kasoro hiyo huvikumba vilele vingi vinavyovutia kwa kimo chake. Antena ikiwekwa juu ya paa la darasa au bweni bila kinga hiyo, huikaribisha radi mahali walipo watoto.

Jambo la pili ni kuanguka. Mnara usimame umbali usiopungua kimo chake kutoka kwenye nyaya za umeme, madarasa, njia ya watu na nyumba za majirani. Nyaya zinazoushikilia huhitaji nafasi pia. Mnara wa mita 30 hufungwa kwa nyaya zilizosimikwa mita 20 au zaidi kutoka kwenye shina lake, kwa hiyo kiwanja kinachotakiwa ni kikubwa kuliko kinavyodhaniwa. Nyaya hizo zizungushiwe uzio ili ng'ombe wasijisugue na watoto wasibembee.

Jambo la tatu ni anga. Masafa ya FM yanaishia megahezi 108, na hapo hapo huanza masafa yanayoongoza ndege. Mtambo usiosafishwa vizuri na fundi unaweza kuingilia mawasiliano hayo. Mnara wenyewe, hasa karibu na uwanja wa ndege, huhitaji ridhaa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na huweza kuagizwa upakwe rangi za kupishana na kuwekewa taa nyekundu.

Jambo la nne, ambalo huulizwa zaidi mikutanoni, ni afya. Viwango vya kimataifa vinavyotumika kwa umma katika masafa ya FM huweka kikomo cha wati 2 kwa kila mita ya mraba. Antena inayotoa wati 100, kwa mtu aliye umbali wa mita 5, hufikisha takriban nusu wati kwa mita ya mraba, na kwa mita 10 hushuka hadi karibu sehemu moja ya nane ya wati. Hofu ya kijiji kizima kudhurika na mnara wa nguvu ndogo haina msingi. Tahadhari inayostahili ni ya mtu wa karibu: hakuna anayeruhusiwa kupanda mnara au kukaa juu ya paa lenye antena wakati mtambo umewashwa, na mabati yanayoakisi mawimbi ni sababu ya kuongeza umbali.

Ardhi na ridhaa ya wenyeji

Leseni ya utangazaji na masafa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Maombi huonyesha mahali pa antena, kimo chake na nguvu ya mtambo. Chuo hakiwezi kuhamisha antena kwa hiari yake baada ya kupewa masafa, kwa sababu kuhama kunaweza kuingilia kituo kingine. Hivyo kosa la mahali haliondolewi kwa wikiendi moja ya kazi za mafundi. Linahitaji maombi mapya, gharama mpya na muda mrefu wa kusubiri.

Eneo likiwa nje ya mipaka ya chuo, kwenye ardhi ya kijiji, mazungumzo na mwenyekiti pekee hayatoshi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Katika mfano uliotolewa, mgongo wa mashariki unaweza kuwa malisho, chanzo cha maji, msitu wa hifadhi ya kijiji au mahali pa makaburi ya wazee. Mambo hayo hayaonekani kwenye karatasi ya grafu. Yanajulikana na wenyeji, na yasiposemwa mapema hujitokeza siku shimo la kwanza linapochimbwa.

Ridhaa ya wenyeji ina faida nyingine iliyo wazi. Mnara uliokubaliwa na kijiji hulindwa na kijiji. Mnara uliopandishwa kimyakimya, juu ya kilele ambacho watu wana sababu zao za kukiheshimu, hubaki bila mlinzi hata akiwapo mlinzi wa kulipwa.

Maswali ya kupeleka mkutanoni

Pendekezo la mnara wa redio ya chuo linapofika kwenye mkutano wa kijiji au Kamati ya Maendeleo ya Kata, wakazi wanashauriwa kuomba majibu ya maswali yafuatayo:

1. Vijiji na vitongoji gani vinakusudiwa kusikia? Vitajwe kwa majina, kimoja kimoja.
2. Je, umechorwa mstari wa kimo kutoka kwenye antena hadi kila kimojawapo, na mchoro unaweza kuonyeshwa?
3. Ni vitongoji gani vitabaki kivulini, na tangazo la dharura litawafikiaje watu wake?
4. Waya wa antena una urefu gani, ni wa aina gani, na nguvu kiasi gani itafika juu?
5. Kinga ya radi itawekwaje, na nani atakayeikagua kila mwaka kabla ya masika?
6. Mnara ukianguka, utaangukia wapi?
7. Ardhi ni ya nani, na mkutano mkuu wa kijiji umekwisha kuamua?
8. Nani atalipa umeme, ulinzi na matengenezo baada ya mwaka wa kwanza?

Swali la tatu linastahili kupewa uzito wa pekee. Hakuna antena moja inayofika kila bonde, na chuo chenye fedha kidogo kinaweza kulazimika kuchagua mnara wa tangi la maji badala ya mgongo wa mlima. Uamuzi huo si wa aibu ukifanywa kwa uwazi. Kijiji kilichoambiwa mapema kwamba hakitasikia kinaweza kupanga mbiu ya mgambo, ubao wa matangazo au ujumbe wa simu kwa mabalozi wa nyumba kumi. Kijiji kilichoahidiwa redio na kisha kikaachwa kivulini hukaa kikisubiri tangazo ambalo lilikwisha kusomwa.

Kabla ya kumwita fundi, lipo jaribio moja lisilogharimu fedha. Siku ya jua kali, watu wawili wapande mahali panapopendekezwa na kutazama kila upande. Panapoonekana mng'ao wa bati la zahanati, la shule na la nyumba ya mwisho ya kitongoji, hapo pana dalili njema. Pasipoonekana bati lolote, iandikwe kwenye daftari ni kitongoji gani kimefichwa, na daftari hilo lipelekwe mkutanoni pamoja na mchoro wa fundi.